Kabla hujamsoma mtu kwa meza yake, uliza kwanza nani kaipanga

Kuna tabia moja ya maofisini naona tunaichukulia kirahisi mno, hii ya kupita kwenye meza ya mtu, kutupa jicho mara moja, alafu unaondoka na hukumu kamili kichwani. Meza imejaa makaratasi, basi huyu mtu ovyo. Meza haina kitu, basi huyu yuko makini, au hana kazi, inategemea anayepita anampenda au hampendi. Ana picha ya watoto, mtu wa familia huyo. Hana picha yoyote, ana roho ngumu. Na hukumu zenyewe haziishii kichwani, zinaingia kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka, zinaingia kwenye nani apewe mradi mkubwa na nani aambiwe asubiri kwanza, na mwenye meza hatakuja kujua kwamba kilichomkosesha ni rundo la mafaili lililokaa kushoto kwa kompyuta yake.

Sisemi kwamba meza haisemi kitu. Inasema, tena mengi, na kuna watu wamekaa chini wakalipima jambo hili. Ninachosema ni kwamba tunasikiliza vibaya, tunaamini sana yale ambayo meza haiwezi kutuambia, tunayaruka yale inayoyasema waziwazi, na kubwa kuliko yote hatuulizi lile swali linalotakiwa kutangulia: hivi huyu mtu alipewa uhuru kiasi gani wa kupanga hii sehemu anayofanyia kazi?

Tuanze na yaliyopimwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Samuel Gosling wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, alitoa na wenzake utafiti ambao mpaka leo mazungumzo ya jambo hili ndo yanaanzia hapo. Walichukua ofisi 94 na vyumba vya kulala 83, wakawaingiza humo watu wasiowajua wenyewe, wakawaambia waangalie tu kisha waseme mwenye sehemu hii ni mtu wa namna gani. Baadaye majibu yakalinganishwa na vile wenyewe wanavyojieleza na vile watu wao wa karibu wanavyowaeleza. Wageni wale hawakuwa wanabahatisha. Kama mtu ni mdadisi, anapenda mawazo mapya na mambo ya aina nyingi, hilo walilipata vizuri. Kama ni mtu wa utaratibu na wa kumaliza alichoanza, hilo nalo walilipata kwa kiasi cha kuridhisha. Ila walipofika kwenye swali la kama huyu mtu ni mpole, ana huruma, anaelewana na wenzake, hapo pakawa pagumu, kuta na droo hazikuwasaidia cha maana.

Sasa weka hilo karibu na utafiti wa 2019 wa Terrence Horgan na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Michigan tawi la Flint. Wao walichukua ofisi ile ile, kilichobadilika ni kiwango cha vurugu tu, kuna washiriki walioikuta nadhifu na kuna walioikuta imevurugwa. Walioikuta imevurugwa walisema mwenye nayo hana bidii na utaratibu, sawa, hilo lilitegemewa, lakini wakaendelea, wakasema pia ana wasiwasi zaidi na hana upole kwa watu. Hebu tulia hapo kidogo. Upole wa mtu umetoka wapi kwenye karatasi zilizolala ovyo? Hautoki popote, ni sisi tunaouweka. Yaani sehemu ambayo macho yetu hayaoni vizuri, ile ya roho ya mtu, ndo hiyo hiyo tunayoisemea kwa uhakika kabisa, na hapo ndipo watu wanapoumizwa, manake bosi akisema fulani hajapanga meza yake unaweza kupanga kesho asubuhi, ila akishaamini kwamba fulani ni mtu mgumu kufanya naye kazi, hilo utalifuta na nini?

Kwa hiyo meza inataka kusomwa kwa mpangilio fulani, na mimi naona njia nzuri ni kutenganisha vitu vilivyowekwa na vitu vilivyobaki. Gosling mwenyewe anatenganisha karibu hivyo hivyo. Kuna vitu mtu ameviweka ili wengine waone, cheti ukutani, tuzo, kikombe chenye nembo ya kampuni kubwa aliyowahi kufanyia kazi. Kuna vitu ameviweka kwa ajili yake mwenyewe, na hapa picha ndo mfano mzuri, we angalia tu imeelekea wapi. Picha ya familia iliyogeuzwa uso kwa mgeni na picha ile ile iliyogeuzwa kwa mwenye kiti ni vitu viwili tofauti kabisa, ya kwanza inakwambia hivi ndivyo nataka unijue, ya pili inamsaidia mtu kufika saa kumi na moja jioni. Alafu kuna kundi la tatu, vitu ambavyo hakuna aliyeviweka, vimebaki tu kwa sababu kazi imepita hapo.

Hilo la tatu ndo mimi nalipenda na ndo tunaliruka. Iangalie meza moja kwa karibu. Kibodi ambayo herufi tano sita zimefutika kabisa na zile namba za upande wa kulia zimekuwa laini zinang'aa, huyo anaingiza mahesabu siku nzima. Chaja iliyofungwa selotepu shingoni, na selotepu yenyewe imeshakuwa nyeusi, maana yake imefungwa siku nyingi na mtu aliyeomba nyingine hajaletewa, au ameacha kuomba. Daftari lililojikunja kona moja tu, ile ya chini kulia, kidole gumba kinafungulia hapo kila siku. Kikaratasi cha njano chini ya skrini chenye namba ya simu ya ndani iliyofifia kiasi kwamba mgeni hawezi kuisoma, na yeye haihitaji tena kuisoma ila hajaitoa. Mto mdogo mgongoni mwa kiti, kiti kinamuumiza. Feni ndogo, anakaa mbali na dirisha au kiyoyozi hakifiki. Katika vyote hivyo hakuna hata kimoja alichokiweka ili akuambie kitu, na vyote vinakuambia, na ukivisoma taratibu utagundua vinaizungumzia kazi na mazingira yake kuliko tabia yake.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua wa mabaki kumsema mtu ni karakana ya mchoraji Francis Bacon, pale 7 Reece Mews, London, alipoishi na kuchora tangu 1961 mpaka alipofariki 1992. Mwaka 1998 mrithi wake aliitoa kwa jumba la sanaa la Hugh Lane la Dublin, mji aliozaliwa Bacon, na wale watu hawakuja na mabox wakabeba tu, walileta wanaakiolojia, kila kitu kikapimwa kilikuwa wapi, juu ya nini, chini ya nini, mpaka vumbi likachukuliwa, kisha chumba kizima kikajengwa upya Dublin na kufunguliwa kwa watu 2001. Vilihesabiwa vitu zaidi ya 7,000. Picha, kurasa zilizochanwa vitabuni, turubai zipatazo 100 alizozikata kwa kisu mwenyewe. Na humo pia kulikuwa na michoro ya maandalizi ipatayo 70. Hilo la michoro ni zito, kwa sababu Bacon alipokuwa hai alikuwa akiwaambia wanaomhoji kwamba hachori kwanza pembeni, anaingia kwenye turubai moja kwa moja. Mdomo ulisema hivyo miaka na miaka. Sakafu ikasema vingine. Sio kwamba nataka kumwita mwongo mtu aliyekwisha kufa, kila msanii ana namna anavyopenda kazi yake ieleweke, ila uone tofauti ya uzito: alichokiweka mtu mbele ya watu na kilichoanguka wakati anafanya kazi, ukitaka kujua kazi ilifanyikaje utakwenda na cha pili.

Sasa turudi kwenye rundo la makaratasi, manake hili ndo linaloonewa zaidi.

Mwaka 1983 Thomas Malone aliandika kuhusu jinsi watu wa ofisini wanavyopanga meza zao, aliwatembelea akawahoji wamuoneshe nini kiko wapi na kwa nini. Akaona kuna watu wa mafaili na kuna watu wa marundo, lakini alichokiona cha maana zaidi ni sababu. Kitu kinakaa juu ya meza ili kimkumbushe mtu kwamba kuna kazi haijaisha. Ukishakiingiza kwenye faili na faili ukaliingiza kabatini, umekipangia mahali pazuri sana pa kusahaulika. Alafu kuna jambo la pili, kukiweka kitu kwenye faili lazima kwanza ujue ni kitu gani, kinaitwaje, kinaendana na vipi, na kazi nyingi za kufikiri ni hizo ambazo bado hujajua. Barua imekuja, sio malalamiko kamili, sio ombi kamili, inagusa idara mbili. Unaiweka faili gani? Unaiweka mezani mpaka ijulikane.

Kwa hiyo rundo la mtu anayefanya kazi lina tabaka, na mwenyewe anazijua. Juu kabisa kuna aliyoishika leo asubuhi, chini yake ya jana, katikati kuna zile zinazosubiri saini ya mtu aliyesafiri, na chini kule kuna kitu cha miezi mingi iliyopita ambacho hajathubutu kukitupa. Mwambie akupe fomu ya wiki iliyopita, mkono unaingia katikati unatoka nayo bila macho kuangalia. Siku mtu wa usafi au mwenzake mwenye nia njema anapokuja "kumsaidia" akalisawazisha rundo lile likawa limenyooka kingo zote nne, ule mpangilio unakuwa umepotea wote, na hakuna atakayeuona umepotea isipokuwa yeye.

Kuna utafiti mwingine naupenda wa Steve Whittaker na Julia Hirschberg, 2001, waliwafuatilia wafanyakazi wa maabara za AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, waliokuwa wanahama ofisi na kulazimika kuchambua makaratasi yao yote. Ungetegemea watu wa mafaili ndo wawe na mzigo mdogo. Ilikuwa kinyume chake, wao ndo waliokuwa na makaratasi mengi zaidi, na waliyatumia mara chache zaidi, kwa sababu walikuwa wanafaili vitu mapema kabla hawajajua kama vina thamani, na kikishaingia kwenye faili lenye jina zuri nani atakitoa? Watu wa marundo walikuwa na kidogo na walikigusa mara kwa mara. Hii haimaanishi faili ni baya, mimi kwenye nyaraka za mkataba, za malipo na za wagonjwa nataka faili, tena lenye kufuli. Ila inamaanisha kwamba meza safi inaweza kuwa imeficha kabati lililojaa vitu visivyo na kazi, na anayepita haoni kabati.

Upande wa pili nao tusiuache, wale wanaoitetea vurugu kwa kumleta Einstein. Ile picha ya meza yake kule Princeton ni ya kweli, ilipigwa na Ralph Morse wa jarida la Life siku hiyo hiyo aliyofariki, 18 Aprili 1955, na meza kweli imejaa karatasi na rafu za nyuma zimejaa. Lakini kutoka hapo kwenda kusema vurugu ni dalili ya akili nyingi ni kuruka mto bila daraja. Meza ya mtu aliyefariki akiwa bado anafanya kazi itakuwaje zaidi ya hivyo? Vile vile watu huutaja utafiti wa Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, 2013, ambao waliowekwa kwenye chumba kilichovurugika walitoa mawazo ya kibunifu zaidi, na wanasahau nusu ya pili ya matokeo, kwamba waliowekwa kwenye chumba nadhifu walichangia zaidi pesa kwa hisani na walichagua chakula chenye afya zaidi. Na kuna jambo hata haliguswi: washiriki wale hawakuivuruga wenyewe, walikikuta chumba hivyo. Utafiti unaonesha chumba kinamfanyia nini mtu aliyeingia humo, wala hausemi kitu kuhusu tabia ya mtu anayevuruga meza yake. Hizo ni habari mbili na kila siku zinachanganywa.

Na hapo ndo tunafika kwenye lile swali langu la mwanzo, la nani kapanga, ambalo kwangu ndo moyo wa jambo lote hili.

Alex Haslam na Craig Knight wa Chuo Kikuu cha Exeter walifanya majaribio yaliyochapishwa 2010. Walitengeneza sehemu ya kazi ya namna nne. Ya kwanza tupu, meza na kiti na vifaa vya kazi basi. Ya pili ina mimea na picha ila mtu mwingine ndo kaziweka. Ya tatu ina mimea na picha zile zile, ila anayekaa hapo anazipanga anavyotaka mwenyewe, hata kama hataki kuziweka kabisa ni sawa. Ya nne ndo ya kusikitisha, mtu anaachiwa apange anavyotaka, akimaliza anakuja mtafiti anapangua na kupanga anavyotaka yeye. Waliopanga wenyewe walizalisha kwa kiwango kinachofika asilimia 32 zaidi ya waliokaa kwenye meza tupu. Na waliopanguliwa? Ile faida yote ikaondoka. Vitu ni vile vile, mimea ile ile, picha zile zile. Kilichotoka pale ni neno la mtu juu ya sehemu yake.

Nimelifikiria sana jaribio hilo la nne kwa sababu ofisi nyingi zinaishi humo. Unaambiwa jisikie uko nyumbani, alafu inakuja barua pepe ya kukumbusha kwamba picha binafsi haziruhusiwi, kikombe kiwe cha rangi moja, mimea ni ya mapokezi. Mwaka 1968 mbunifu Robert Propst alipoitolea kampuni ya samani ya Herman Miller ule mfumo wa vizuizi na meza zinazohamishika, wazo lake lilikuwa kumpa mfanyakazi sehemu anayoweza kuibadili ifuate kazi yake, pembe zikiwa wazi, urefu wa meza ukibadilika. Makampuni yakachukua vizuizi yakaacha uhuru, yakavipanga viboksi kwa mistari ili watu wengi waenee sehemu ndogo, na Propst mwenyewe baadaye alikuja kulilaani vikali lile lililofanywa na wazo lake.

Sasa ukipita kwenye ofisi ya namna hiyo ukaona meza 40 zote tupu zinafanana, umejifunza nini kuhusu watu 40? Hujajifunza kitu. Umejifunza kuhusu mtu mmoja aliyeandika sheria. Wakati mwingine sheria yenyewe ina sababu nzuri, viwango vya usalama wa taarifa kama ISO 27001 vinataka meza isiachwe na nyaraka na skrini ifungwe mtu akiondoka, na mimi nikiwa mteja nataka jina langu lisiachwe mezani usiku kucha. Hilo sawa kabisa. Ninachokataa ni kuzichukua meza hizo alafu kuzisoma kama vile ni tabia za watu, au mbaya zaidi, kumsifia fulani kwa unadhifu ambao ni amri. Kwenye ofisi za kukaa popote, ambako asubuhi unatafuta kiti na jioni unabeba kila kitu chako ndani ya begi, meza haina mtu kabisa. Hapo ukitaka kumsoma mtu itabidi umuulize.

Na kuna wengi ambao kwenye mazungumzo haya hawatajwi kabisa kwa sababu hawana meza. Mlinzi wa getini, keshia anayebadilishana mashine na wenzake kwa zamu, dereva, muuguzi, mtu wa usafi. Wote wana sehemu ya kazi, ila ya dereva ni lile eneo la mbele ya usukani, ya muuguzi ni mifuko miwili ya joho na kalamu nne ambazo moja lazima itapotea kabla zamu haijaisha, ya keshia ni nafasi ya upana wa kiganja chini ya mashine anapoweka simu yake na kitambaa cha kufutia, ya mtu wa usafi ni ndoano moja nyuma ya mlango wa stoo. Ukiona jinsi mtu anavyoitunza nafasi ya ukubwa huo, kalitambaa kamekunjwa pembe kwa pembe, kijikalenda kimebandikwa pale ambapo msimamizi hatakiona, utajua kwamba kutaka kuwa na mahali pako sio anasa ya wenye ofisi. Meredith Wells alipochunguza wafanyakazi wa ofisini mwaka 2000 alikuta kwamba kuruhusiwa na kuweza kuigeuza sehemu kuwa yako kunaendana na kuridhika na sehemu hiyo na kazi yenyewe. Huyu keshia hajawahi kuulizwa. Natamani aulizwe.

Kama ni hivyo basi meza ya kusomwa kwa ukali ni ya nani? Mimi nasema ya mwenye uwezo wa kuipanga. Bosi mwenye chumba chake, aliyechagua meza, aliyeamua ikae wapi, huyo alikuwa na uhuru wote, kwa hiyo kila kilichopo pale ni jibu lake. Wala usihangaike na unadhifu wake. Angalia mgeni anakaa wapi. Kuna ofisi unaingia meza imewekwa katikati kama ukuta, kiti cha mgeni kiko chini kidogo kuliko cha mwenyeji, na dirisha liko nyuma yake kiasi kwamba wewe unapigwa na mwanga machoni yeye humuoni uso vizuri. Kuna nyingine meza imesukumwa ukutani, akigeuka na kiti chake mko magoti kwa magoti hamna kitu katikati. Richard Zweigenhaft alilichunguza hili kwa wahadhiri mwaka 1976, akakuta wale walioweka meza kati yao na mwanafunzi walikuwa zaidi wale wenye umri na vyeo vya juu, na wanafunzi waliwapa alama za chini kwenye namna wanavyohusiana nao. Alafu kuna kile kiti cha mgeni chenye mafaili juu yake. Ukiingia anakiondolea mafaili haraka haraka anayaweka chini, sawa, makaratasi ni mengi kuliko nafasi. Lakini kama kila ukiingia mafaili yapo na hayaondolewi na wewe unaongea umesimama, basi hapo meza na kiti vimekwambia kitu cha kweli kuhusu mtu, na ni kuhusu upande ule ule ambao nimesema meza kwa kawaida haiwezi kuusema. Inaweza, akiwa na nafasi ya kuchagua.

Tunaloliona sasa linanipa wasiwasi zaidi, ni haya mambo ya kukutana kwenye vidio. Zamani angalau aliyekuhukumu alikuwa anaiona meza uliyopewa na kazi. Siku hizi anaona nyumba yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walitoa matokeo 2023 kwenye jarida la PLOS ONE, waliwaonesha watu picha za sura zile zile kwenye mandhari tofauti za kikao cha vidio, na nyuso zilizokuwa na rafu ya vitabu au mimea nyuma zilionekana za kuaminika na za watu wenye uwezo zaidi, wakati sebule ya kawaida na mandhari za kuchekesha zilishuka chini. Mtu hajafungua mdomo bado. Hajajibu swali hata moja. Sasa fikiria huyo ni kijana anaomba kazi yake ya kwanza, anaishi na ndugu wengi, sehemu pekee yenye mtandao ni sebuleni na nyuma yake kuna kochi lenye nguo zinazosubiri kukunjwa, na anashindana na mwenzake aliyekulia kwenye nyumba yenye chumba cha kusomea. Wanaomhoji wataondoka pale wakisema huyu wa pili alionekana amejiandaa zaidi, na watakuwa wanasema kwa nia njema kabisa, na watakuwa wamepima kochi.

Hili linarekebishika kwa urahisi na ndo maana linaniuma kwamba halirekebishwi. Wanaofanya usaili kwa vidio wamtumie kila anayeomba kazi mandhari moja ile ile aiweke nyuma yake, na wao wenyewe wanaohoji waiweke. Kama mashine yake haiwezi kubeba mandhari, kamera zizimwe kwa wote na sauti zisikilizwe. Na kwenye fomu za tathmini za mwaka, pale palipoandikwa "mpangilio wa eneo la kazi", bosi alazimike kujaza kwanza mstari unaouliza mfanyakazi huyu anaruhusiwa kubadili nini kwenye eneo lake, kisha ndo aandike alama.